Nasoma botania ila nataka kufanya utafiti wa ini, kuna mtu alishawahi kuchanganya hivi vitu viwili?

Mkulima_wa_Vichaka:

Wakuu habari za jioni, samahani uzi utakuwa mrefu kidogo.

Mimi niko mwaka wa tatu, botania, hapa Morogoro. Mwezi wa pili kaka yangu alienda kuchangia damu kazini kwao, baada ya wiki kama mbili akapigiwa simu arudi, kufika anaambiwa damu yako haitatumika, una homa ya ini B. Mtu hana dalili hata moja, anakula ugali wake anacheza mpira jumapili, sasa fikiria nyumbani palivyokuwa. Mama akafunga safari mpaka Turiani akarudi na dumu la lita tano la dawa ya majani, maji meusi hivi machungu balaa. Kaka akanimiminia kwenye glasi akaniuliza, we si ndo msomi wa majani, haya hii ni nini?

Nikanusa, nikaonja kidogo, nikaangalia machicha yaliyotuama chini ya dumu. Sikujua. Miaka mitatu ya ada na sijui.

Tangu siku hiyo nimeshikwa na hili jambo, nataka projekti yangu ya mwisho na masters Mungu akijalia ziwe kwenye mimea na magonjwa ya ini. Supavaiza kaniambia hayo ni mambo mawili tofauti, nichague moja, nikitaka ini ningeenda udaktari. Swali langu, kuna mwanasayansi wa kueleweka ambaye maisha yake ya utafiti yalipita kote kuwili, ini na mimea? Sio waganga wa tiktoki. Na aliishia wapi?

Kaka ameshaanza kliniki kwa hiyo msinitumie namba za dawa inbox tafadhali.

Kiroba_Mzima:

Dogo kaa kwenye mahindi na maharage huko ndo kuna ajira, ini waachie Muhimbili 😂

Mzee_wa_Seramu:

Mwanangu pole kwa yaliyompata kaka. Mimi nimestaafu, nimekaa maabara ya damu miaka mingi kwa hiyo hili swali limenigusa. Supavaiza wako namheshimu lakini mtu yupo, tena sio mtu mdogo. Anaitwa Baruch Blumberg, Mmarekani, ndiye aliyekigundua kirusi hichohicho alichonacho kaka yako. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba uzeeni alienda kwenye majani, na huko majani yakamfundisha adabu.

Nianze mwanzo, nivumilie. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1925, digrii ya kwanza alichukua fizikia, akaingia jeshi la majini, baadaye ndo akaenda udaktari. Mwaka 1950 akiwa bado mwanafunzi alipelekwa Suriname, mji wa Moengo wenye mgodi wa boksiti. Pale kulikuwa na watu wa asili mbalimbali wanaishi sehemu moja, mbu walewale wanawauma wote, lakini matende na vile vidudu vya filaria haviwashiki sawasawa. Hilo swali la kwa nini huyu anaugua na jirani yake haugui ndilo alilotembea nalo maisha yote. Hakuwa anatafuta homa ya ini hata kidogo! Alikuwa anakusanya damu za watu kutoka pande zote za dunia, Nigeria alifika mwaka 1957, anatafuta tofauti zilizomo kwenye seramu, yale maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda.

Sasa 1963 yeye na mwenzake Harvey Alter wakachukua seramu ya mgonjwa wa himofilia, wale ambao damu haigandi, wanaongezewa damu mara nyingi sana hivyo miili yao inakuwa na kingamwili za kila aina, wakaijaribu na seramu mbalimbali walizokuwa nazo frijini. Ikajibu kwa seramu ya mtu mmoja tu kutoka Australia, mwenyeji wa asili wa kule. Kile kitu ambacho kingamwili zilikishika wakakiita antijeni ya Australia. Ni nini? Hawajui. Wakadhani labda inahusiana na saratani ya damu, wakadhani labda ni kitu cha kurithi. Miaka mitatu minne hivi wanazunguka. Mpaka mgonjwa wao mmoja mwenye Daun sindromu ambaye mwanzo alipimwa hana, akapimwa tena anayo, na katikati hapo ini lilikuwa limeugua.

Halafu kuna Barbara Werner. Huyu sisi watu wa maabara ndo shujaa wetu. Alikuwa fundi maabara wa Blumberg kule Philadelphia, mwaka 1967 akajisikia vibaya, mwili umechoka, mkojo umebadilika rangi, akachukua damu yake mwenyewe akaipima antijeni ya Australia. Ikatoka chanya. Alipona, lakini hapo hapakuwa na ubishi tena kwamba hii kitu ni kirusi cha ini. Zawadi ya Nobel ya 1976 alipewa Blumberg (akagawana na mwenzake wa utafiti mwingine), fundi maabara unamsoma kwenye aya moja tu, ndo mambo yalivyo.

Mwaka 1969 yeye na Irving Millman wakaja na wazo la chanjo, wakachukua damu ya watu wenye kirusi wakachuja zile chembe za ganda la nje, ganda tupu lisiloambukiza, mwili ukiliona unajifunza kujilinda. Marekani wakaipitisha 1981. Mwaka 1986 ikaja ya kutengenezwa kwa hamira, ndugu wa hamira ileile ya maandazi, ndo maana siku hizi haitolewi kwenye damu ya mtu.

Nimechoka kuandika kwa simu, sehemu ya majani naiandika baada ya swala.

Nesi_Chausiku:

Mzee tunakusubiri, usitutoroke. Wakati tunasubiri mleta mada nikuulize, mke wa kaka na watoto wamepimwa? Watoto wetu wanapata chanjo yake ndani ya pentavalenti, ile sindano moja ya magonjwa matano, wiki ya 6, ya 10 na ya 14 lakini watu wazima wengi hawajachanjwa. Akipimwa hana anachanjwa, dozi tatu. Mtoto mchanga akiambukizwa uwezekano wa kirusi kukaa naye maisha ni kama 90 kwa 100, mtu mzima ni chini ya 5, kwa hiyo kaka yako kuna uwezekano mkubwa alikipata utotoni hukohuko, mwambieni shemeji aache kumtazama vibaya.

Na lile dumu aache kunywa. Sio kwamba nadharau dawa za asili mimi mwenyewe bibi yangu alikuwa mkunga wa kienyeji. Ila ini ndo linalochuja kila kitu unachokunywa, likiwa tayari lina kirusi halafu unalimwagia kitu usichokijua jina, hapo unacheza kamari.

Mkulima_wa_Vichaka:

Dada Chausiku asante, shemeji kapimwa jumatatu, hana, kachoma dozi ya kwanza. Watoto wako salama. Kaka dumu kaacha ila mama amenuna kwelikweli, kalificha chumbani kwake.

Mzee_wa_Seramu:

Haya nimerudi.

Chanjo imepatikana, Nobel iko kabatini. Mtu mwingine angekaa anakata riboni. Lakini chanjo inamkinga asiye nacho, na hao ambao tayari wanacho? Wakati ule dawa ya maana haikuwepo, hizi tenofovia za leo hazijazaliwa. WHO wanasema mpaka mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na hiki kirusi, na mwaka huohuo kiliua watu milioni 1.1, kwa hiyo usifikiri ni habari ya zamani.

Yeye na wenzake wakafanya kitu ambacho wewe Vichaka kitakupendeza, wakageukia mimea ambayo watu wa mataifa mbalimbali wanaitumia mtu akiwa na macho ya njano. Wakatua kwenye jamii ya Phyllanthus. Ukiona utaijua, kigugu kidogo kinaota kwenye bustani na pembezoni mwa njia, vijani vimejipanga kama vya ukwaju, na vitunda vidogo vya duara vinaning'inia chini ya kijiti. India wanaitumia siku nyingi. Mwaka 1987 yeye na Venkateswaran na Millman wakatoa karatasi ya utafiti, dondoo la huo mmea ndani ya chupa linazuia kimeng'enya ambacho kirusi hukitumia kuzaliana. Wakajaribu pia kwa wudichaki, mnyama wa Marekani ukimwona utasema pimbi, ana kirusi chake cha ini kinachofanana na chetu.

1988 ndo ikaja ile iliyotikisa. Madras, India, kundi la Thyagarajan pamoja na Blumberg, kwenye jarida la Lancet. Unga wa mmea mkavu miligramu 200 mara tatu kwa siku, siku 30. Waliokunywa dawa, 22 kati ya 37 antijeni ikatoweka. Waliopewa dawa bandia, ile isiyo na kitu ya kulinganishia tu, 1 kati ya 23.

Asilimia 59 dhidi ya 4! Mimi nakumbuka karatasi hiyo ilivyopita mikononi kazini, fotokopi ya fotokopi hata herufi hazisomeki, tukasema basi jamani, majani ya nyuma ya choo yamemaliza kazi.

Kiroba_Mzima:

Sasa mzee kama inatibu si useme tu tuchume, mbona unatuzungusha

Mzee_wa_Seramu:

Kiroba tulia. Haikurudiwa.

Thailand wakajaribu, 1990 wakaandika kwenye Lancet hiyohiyo kwamba imeshindwa, antijeni haikutoweka. New Zealand nao wakajaribu, hola. Mwaka 2011 wale wa Cochrane, kazi yao kukusanya majaribio yote na kuyapima kwa mzani mmoja, wakasema hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba Phyllanthus inasaidia kuliko dawa bandia. Kwa hiyo asije mtu akamwambia kaka yake dogo kwamba kuna Mnobel alithibitisha. Nimeshaona makopo ya kapsuli dukani yameandikwa hivyo, wanaweka jina la Blumberg na ile 59, ya Thailand hawaiweki.

Lakini Vichaka, hapa ndipo unapoingia wewe sasa, nisikilize vizuri. Ile karatasi ya 1987 imeandikwa Phyllanthus niruri. Ya 1988 imeandikwa Phyllanthus amarus. Ni mimea miwili tofauti, inafanana kama pacha, na ilikuja kuonekana kwamba hata ule wa mwanzo ulikuwa amarus, jina ndo lilikosewa. Hiyo jamii ina spishi mamia na mamia. Majaribio yaliposhindwa moja ya maswali yaliyoulizwa ni hilo, je ni mmea uleule? umevunwa wakati gani, udongo gani, umekaushwa juani au kivulini? Inawezekana dawa haikuwepo tangu mwanzo na yale matokeo ya Madras yalikuwa bahati ya kundi dogo, mimi naegemea huko. Ila ukiwa na unga kwenye kopo huwezi hata kuanza kubishana, maana hujui umebishania mmea gani. Mwenye Nobel na wewe mwenye dumu la Turiani mlikwama sehemu moja.

Blumberg hakuanguka kwa hilo. 1989 akaenda Oxford kuwa mkuu wa chuo cha Balliol, 1999 akaongoza taasisi ya NASA ya kutafuta uhai nje ya dunia, akafariki 2011 akiwa kwenye mkutano wa kisayansi hukohuko NASA, California. Sijui kama yupo mwingine aliyetoka kwenye damu akapita kwenye majani akaishia kwenye sayari.

Mwende_Kibwezi:

Hamjambo wa huko. Mimi ni wa Makueni, mzee ameeleza vizuri lakini naona nyote mnafikiria mmea kama dawa tu. Mmea pia ndio unaleta ugonjwa wa ini, na hapo mwanabotania ana kazi kubwa kuliko daktari.

Mwaka 2004 nilikuwa darasa la sita. Mvua ilinyesha vibaya watu wakavuna mahindi yakiwa na unyevu, tukayaweka ndani ya nyumba juu ya sakafu kwa sababu ya wezi, ukame ulikuwa umemaliza chakula. Watu wakaanza kugeuka macho njano, tumbo limevimba, wengine tukafikiri ni kurogwa na familia zingine zilikosana kabisa kwa hiyo maneno. Ilikuwa sumukuvu. Wagonjwa 317 wakaandikishwa, 125 wakafariki, wengi hapa kwetu na Kitui. Jirani wetu alizikwa na mtoto wake wiki moja. Tulikuwa tunakula muthokoi, yaani mahindi ya kukobolewa, ya mahindi hayohayo, kukoboa kunapunguza sumu lakini hakuimalizi.

Hiyo sumu inatoka kwa kuvu inaitwa Aspergillus flavus, na ilijulikana kwa sababu ya batamzinga! 1960 Uingereza walikufa zaidi ya laki moja, mashudu ya karanga kutoka Brazil. Ikila ini polepole miaka mingi inaleta saratani, na ukiwa na homa ya ini B pamoja nayo hatari haijumlishwi, inazidishwa. Kaka yako aangalie sana mahindi na karanga anazokula, hilo hakuna aliyesema hapa.

Sasa wanasayansi unaotaka. Kuna Thomas Kensler na John Groopman, walikuwa pamoja Johns Hopkins, chuo kikuu cha Marekani, wakafanya kazi miaka mingi Qidong, China, sehemu ambayo saratani ya ini ilikuwa inaua watu kupita kiasi. Walijaribu klorofilini, inatengenezwa kutokana na ule ukijani wenyewe wa majani, watu 180 miezi minne, alama ya uharibifu wa sumukuvu kwenye mkojo ikashuka kwa asilimia 55. Pia wakajaribu chai ya machipukizi ya brokoli, kwa sababu mwenzao Paul Talalay pale Hopkins alikuwa ametoa ndani ya brokoli kitu kinaitwa salforafeni mwaka 1992. Hiyo ni ini na mimea, au sivyo? Ingawa kilichosaidia watu wa Qidong zaidi ni kuacha mahindi wakahamia wali miaka ya themanini, pesa zilipopatikana. Brokoli haikuwa imefika bado.

Na huku kwetu kuna Aflasafe, IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, pamoja na Wamarekani walichukua aina za kuvu hiyohiyo ambazo hazitoi sumu, zinapakwa kwa mtama, unamwaga shambani, zinafika kwanza kwa mahindi zinakalia nafasi ya zile mbaya. Kama kiti kwenye matatu. Kenya inatengenezwa pale Katumani, na nyinyi Tanzania mna yenu.

Nesi_Chausiku:

Mwende pole sana aisee. Hapa kwetu 2016 Dodoma na Manyara yalitokea hayohayo, na watu walisema kurogwa vilevile.

Na kuna la Ethiopia, Tigray, kijiji watu wanaumwa ini miaka hakuna anayejua kwa nini, wamepima virusi wapi, kumbe ni gugu Ageratum, lile lenye vimaua vya zambarau kama pamba, mbegu zake zinachanganyika na nafaka wakati wa kuvuna. Hilo gugu Moro liko kila mtaro. Aliyehitajika pale ni mtu anayejua magugu.

Chipsi_Kavu:

Mmesahau viazi. Kuna Charles Arntzen mwanasayansi wa mimea kabisa sio daktari, yeye na Hugh Mason 1992 waliingiza jeni ya lile ganda la kirusi cha homa ya ini B ndani ya tumbaku, mmea ukatengeneza antijeni wenyewe. Lengo lilikuwa chanjo ya kula, mtoto wa Afrika ale ndizi asichomwe sindano. Wakahamia viazi mviringo, 2005 wakatoa matokeo ya watu waliokula gramu 100 za kiazi KIBICHI kila dozi, maana ukipika protini inaharibika. Waliokula dozi tatu 10 kati ya 16 kingamwili zikapanda, ila hawa walikuwa wameshachanjwa zamani tayari.

Haikufika sokoni. Kiazi kimoja kina antijeni nyingi kingine kidogo, dozi utaipimaje, halafu nani atakubali viazi vya chanjo vichanganyike na vya chipsi gengeni. Ila ujuzi haukupotea, ile dawa ya ebola ya 2014, ZMapp, ilikuzwa kwenye ndugu wa tumbaku. Dogo mwambie supavaiza hayo.

Kiroba_Mzima:

Kiazi kibichi gramu 100? Bora sindano.

Mkulima_wa_Vichaka:

Wakuu sijui niwashukuruje, nimesoma uzi wote mara mbili. Nimemwonyesha supavaiza ile habari ya niruri na amarus, kakaa kimya kidogo halafu kasema niandike pendekezo la kurasa mbili, sio dawa bado, nianze na kutambua mimea inayouzwa Moro kwa ajili ya ini, ni nini hasa kimo ndani ya hayo madumu. Nimefurahi ila naogopa pia, nianzie wapi?

Mzee_wa_Seramu:

Anzia kwa mama yako, umwombe msamaha. Halafu mwende wote Turiani, wewe peke yako mganga hatakuonyesha kitu. Usichukue unga wala magome yaliyokatwa, omba akupeleke mmea ulipoota. Chukua tawi lenye maua au matunda, libane kwenye gazeti, andika siku hiyohiyo mahali, tarehe, jina analoliita yeye, sehemu anayotumia na anavyochemsha. Peleka hebariamu, pale wanapohifadhi mimea mikavu iliyotambuliwa, ya Chuo Kikuu Dar au ile ya taifa Arusha wakulinganishie. Pale Muhimbili kuna taasisi ya tiba asili, wapigie hodi wana moyo. Na mganga umwambie ukweli kwamba unaandika, jina lake na ujuzi wake ni mali yake, usimwibie.

Mkulima_wa_Vichaka:

Mrejesho. Tumeenda jumamosi na mama, kabeba sukari kilo mbili. Mzee wa watu hakuwa na shida, katuzungusha porini kama masaa matatu, dumu lina mimea minne. Mmoja ni Phyllanthus, nilipogeuza kijiti nikaona vile vitunda chini nikapiga kelele mpaka mama akashtuka, spishi gani sijathubutu kusema. Miwili mingine naijua. Wa nne ni mtambaa una majani kama moyo, nimeubana kwenye gazeti lakini hauna ua wala tunda.

Mzee_wa_Seramu:

Rudi ukichanua.